Giza lenye kiapo ndani yake

Neno lenyewe ni Stygian. Nilikutana nalo mara mbili katika hadithi moja, ukurasa wa 4 na ukurasa wa 19. Mara ya kwanza nililifasiri vizuri. Mara ya pili nililiharibu, na nililiharibu kwa sababu nilidhani tayari nalijua.

Ilikuwa mwaka 2014. Nilikuwa mfasiri Dar es Salaam, riziki yangu ikitoka kwenye mikataba, vipeperushi vya afya na ripoti za miradi. Kazi ya fasihi ilinijia mara moja kwa mwaka, au haikuja kabisa. Kwa hiyo nilipopewa hadithi fupi ya Kiingereza cha zamani, ya ndugu wawili na urithi wa baba yao, niliishika kama mtu aliyeshika yai. Kwenye ukurasa wa 4 ndugu mdogo anashuka usiku katika chumba cha chini ya ghala, na mwandishi anasema giza la humo lilikuwa Stygian. Kamusi ilinipa maana fupi: giza zito, weusi uliokithiri. Nikaandika "giza totoro" nikasonga mbele, na mpaka leo nasema hapo niliandika sawasawa.

Totoro haisimami peke yake. Hakuna anayesema chumba kina totoro. Kazi yake ni moja tu, kulifuata giza, kama fofofo inavyomfuata aliyelala, jii inavyofuata kimya na tititi inavyofuata weusi. Ni neno lisilo na kisa nyuma yake, lina mlio. Ukilitamka polepole unausikia mkono ukipapasa ukuta usioisha. Nilipokuwa mdogo sikuwahi kufikiri kwamba kuna lugha ambamo ukitaka kusema giza limekuwa giza kweli inabidi utaje mto.

Ukurasa wa 19 ndugu wale wawili wanaapizana kuwa hakuna atakayeuza shamba. Mwandishi anakiita kiapo chao kwa neno lile lile. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua kwamba neno hili ni giza, nikaandika "kiapo cha gizani".

Msomaji wa Kiswahili anajua mara moja nilichofanya. Jambo la gizani kwetu ni jambo la kuficha. Mkataba wa gizani ni wa wizi, ndoa ya gizani ni ya kukimbia wazazi. Niliwachukua watu wawili walioapa kiapo kizito kuliko vyote na kuwafanya wala njama. Kaka mkubwa anapokivunja kile kiapo mwishoni, hadithi ya Kiingereza inakutetemesha. Katika Kiswahili changu msomaji angesema tu: si waliapizana gizani, walitegemea nini?

Mhariri wangu alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache, aliyezoea kuandika kwa penseli pambizoni. Hakuandika "kosa". Aliandika: "Umewaapisha wapi hawa?" Nilipompigia simu akaniuliza kama nimelitafuta neno lile mara mbili au mara moja. Nikamwambia mara moja. Akasema, "Basi mwanangu, ulilipata likiwa kazini. Hukwenda kwao."

Nikaenda kwao.

Kwao ni Ugiriki ya kale. Stygian ni neno la Styx, mto wa kuzimu, na kabla Styx hajawa mto alikuwa mwanamke. Mshairi Hesiod, aliyeishi yapata miaka 2,700 iliyopita, anasema alikuwa binti mkubwa kuliko wote wa Oceanus, yule aliye maji yanayoizunguka dunia. Zeus, aliyekuja kuwa mfalme wa miungu, alipokuwa akijiandaa kupigana na Titans, miungu wa kizazi cha kabla yake, aliwaita wote akaahidi kwamba atakayesimama upande wake hatapoteza heshima yake. Wa kwanza kufika alikuwa Styx, na alifika na watoto wake wanne. Majina ya watoto hao yana maana: mmoja ni Ari, mwingine Ushindi, na wengine wawili ni Nguvu na Mabavu. Zeus hakuusahau ujio ule. Watoto akawachukua wakae naye daima, na mama yao akampa cheo ambacho hakuna mwingine amekipata: miungu wakitaka kuapa, wataapa kwa maji yake.

Nilisoma hapo nikasimama. Heshima hii haikutokana na utisho wake. Ilitokana na kuwa alifika wa kwanza siku ambayo mtu angeweza kungoja aone upepo unavumia wapi.

Hesiod anaeleza pia jinsi kiapo kinavyokwenda. Ukizuka ugomvi kati ya miungu, na ikaonekana mmoja wao anadanganya, Zeus humtuma Iris, mjumbe wa miungu, akateke yale maji kwa birika la dhahabu. Ni maji ya baridi, yanadondoka kutoka kwenye jabali refu. Maji ya Oceanus yamegawanyika mafungu kumi. Tisa yanazunguka nchi na bahari, na la kumi ndilo la Styx. Mungu atakayeyamimina akiapa uongo, anaanguka. Mwaka mzima analala bila pumzi, bila sauti, hakigusi chakula wala kinywaji cha miungu. Mwaka ukiisha hajamaliza: miaka tisa mingine anatengwa, hakai barazani na wenzake wala haingii karamuni. Mwaka wa kumi ndipo anarudishwa.

Na giza? Limo, lakini ni kidogo mno. Hesiod anasema yale maji hupita chini ya ardhi katika usiku mweusi. Giza ni njia ambamo mto unapita, basi. Jina la Styx lenyewe limetoka kwenye shina moja na kitenzi cha Kigiriki cha kuchukia, chuki ile inayomfanya mtu akunje uso na kurudi nyuma. Miungu wanamchukia kwa sababu ndiye pekee anayeweza kuwashika. Kwa hiyo ukilifungua neno hili la giza unakuta kwanza chuki, na ndani ya chuki unakuta uaminifu, na giza lenyewe limebaki nje kama maganda.

Wagiriki walikuwa na mahali pa kuuonyesha mto huu kwa kidole. Kaskazini mwa Peloponnese, rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, kwenye mlima unaoitwa Chelmos, kuna maji yanayoporomoka kutoka kwenye genge kali, na watu wa huko wameyaita Mavroneri, yaani maji meusi. Mwanahistoria Herodotus anasimulia habari za Cleomenes, mfalme wa Sparta, ambaye alipokuwa akiwachochea wakuu wa Arcadia wamfuate alitaka awapeleke Nonacris, karibu na maji hayo, awaapishe hapo. Msafiri Pausanias, karne ya 2 baada ya Kristo, aliandika kwamba maji yale yanaua, na kwamba yanavunja vyombo vya kioo, vya mawe na vya udongo. Kwato ya farasi tu ndiyo inayoyahimili. Watu wengi leo wanaujua Styx kwa sababu ya shujaa Achilles aliyechovywa humo akashikwa kisigino, lakini Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, hana habari hiyo. Tunaikuta kwa mshairi wa Kirumi, Statius, karne nyingi baadaye.

Kisa kilichonikaa moyoni kimo kwa mshairi mwingine wa Kirumi, Ovid. Kijana Phaethon anamwendea baba yake, Jua, amthibitishie kwamba kweli ni mwanawe. Baba, kwa furaha ya kumwona, anamwambia aombe lolote, naye anaapa kwa ziwa la Styx, ziwa ambalo, anasema, macho yake hayajawahi kuliona. Fikiria maneno hayo. Jua linaapa kwa kitu ambacho halijawahi kukimulika. Lingeweza kuapa kwa nuru yake lenyewe, lakini nuru ilikuwa mali yake, na mtu haapi kwa kitu anachoweza kukigeuza apendavyo. Phaethon akaomba kuendesha gari la baba yake kwa siku moja. Baba akamsihi aache, akambembeleza, lakini kiapo kimeshatoka. Kijana akashindwa na wale farasi, dunia ikaanza kuungua, na Zeus akamwangusha kwa radi.

Hapa ndipo nilipomkumbuka baba yangu, na nilifunga kompyuta kwa siku ile.

Mimi ni mtu wa Pangani. Desemba 1997, wakati wa mvua za El Niño, nilikuwa na miaka 11. Babu mzaa baba aliletwa mjini kwa shangazi ili awe karibu na matibabu, na huko akafa, baada ya swala ya adhuhuri. Kwake kulikuwa ng'ambo ya pili, mwendo kidogo kutoka Bweni, kwenye shamba la minazi ambako bibi alikuwa amezikwa. Mto ulikuwa umejaa, unashusha magogo, pantoni imefungwa tangu asubuhi. Umeme haukuwepo tangu jana yake.

Wazee walishauri azikwe hapa hapa mjini. Ardhi yote ni ya Mungu, walisema, na maiti huharakishwa. Baba akasema, "Nilikula yamini." Miaka miwili nyuma babu alikuwa amemwekea mkono juu ya Msahafu akamwapisha: nikifa nilaze kwa mama yako. Shehe wetu, ambaye alikuwa mtu mpole, akamkumbusha kwamba yamini ina kafara yake, kulisha maskini kumi, au kwa asiyeweza, kufunga siku tatu. Hakuna atakayekulaumu, akamwambia, mto wenyewe unauona. Baba akamshukuru kwa adabu. Kisha akamwuliza ami kama amepata mtumbwi.

Tulivuka baada ya isha. Walikuwa wanaume sita, mimi, na babu katika jeneza, ameshakoshwa na kuvishwa sanda. Mvushaji alikuwa mzee ambaye sikumjua, ana kandili moja ameiweka miguuni. Baba alinikalisha kichwani pa babu akaniambia nisisogee. Tulipoacha kingo, upepo ukaja na mvua, kandili ikazimika.

Nimeshaandika neno "giza" mara nyingi katika kazi yangu, na kila nikiliandika ni lile. Sikuuona mkono wangu. Sikuona jeneza ambalo goti langu lilikuwa limeligusa. Nilisikia kafi, nikasikia maji yakipiga ubavuni mwa mtumbwi, nikasikia wanaume wakisema La ilaha illa Llah kwa sauti ya chini, pamoja, kama wanaovuta pumzi moja. Na kila baada ya muda mvushaji aligonga mtumbwi kwa kafi, ko, ko, ko, halafu wote wananyamaza. Mara ya nne au ya tano ng'ambo ikajibu. Mtu alikuwa amesimama Bweni akipiga debe. Tangu hapo tulikwenda kwa mlio, yeye anapiga, mvushaji anageuza, anapiga, anageuza, mpaka mtumbwi ukaingia kwenye matope.

Ami alitoa noti, zimelowa zote, akamnyooshea mvushaji. Yule mzee akazirudisha. "Huyu halipiwi, Bwana," alisema. "Na ninyi mnamsindikiza tu."

Sasa, kwa Wagiriki na Warumi, kuna mvushaji. Jina lake ni Charon. Kwa wengi wao alivusha mto mwingine wa kuzimu, Acheron, lakini washairi, hasa Virgil wa Kirumi, waliichanganya mito ile mpaka ziwa lake likaitwa la Styx. Virgil anamchora mzee mchafu, ndevu hazijachanwa, macho yanawaka, nguo imefungwa fundo begani. Maiti aliwekewa sarafu mdomoni ili apate nauli. Na ambao hawakuzikwa anawafukuza kingoni. Watatangatanga miaka 100 ndipo waruhusiwe kupanda. Niliposoma habari za ile sarafu nilizikumbuka noti za ami zilizolowa.

Ni kwa njia hiyo, nadhani, neno liligeuka giza. Warumi walipolichukua waliliambatisha na kila kitu cha kuzimu, mashua, vivuli, mbwa, usiku. Washairi wa Kiingereza wakalipokea katika karne ya 16 likiwa limeshapakwa masizi hayo. Milton analo zaidi ya mara moja, na kwake naliheshimu, kwa sababu alijua anachokisema. Alikuwa kipofu kabisa kufikia mwaka 1652. Katika utenzi wake mkubwa uliochapwa mwaka 1667, anapoanza kitabu cha tatu, anaisalimu nuru, anaiambia kwamba amerudi kwake baada ya kuliponyoka ziwa la Styx, halafu anasema kwamba nuru yenyewe haikuyarudia macho yake. Baada yake walikuja waandishi waliolitumia kwa ghala na pishi na barabara zisizo na taa, na mto ukasahauliwa.

Kiingereza kina neno jingine la namna hii, Cimmerian, na hilo silipendi, niseme wazi. Homer anasimulia kwamba shujaa wake Odysseus alifika ukingoni mwa Oceanus, kwenye mji wa watu wanaoitwa hivyo, wamefunikwa na ukungu, jua haliwaangalii likipanda wala likishuka. Lakini kulikuwa na watu wa kweli wenye jina hilo. Walikaa kaskazini mwa Bahari Nyeusi, na katika karne ya 7 kabla ya Kristo walivamia nchi ambazo leo ni Uturuki. Jua liliwachoma kama linavyotuchoma sisi. Jina la taifa zima likaingia katika kamusi kama aina ya giza kwa sababu msimuliaji alikuwa mbali nao. Mtu wa bara ambalo wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 waliliita bara la giza hawezi kulisoma neno hilo kwa moyo mtulivu. Katika tafsiri zangu sitalipa nafasi bila kulisindikiza.

Stygian ni tofauti, halimdhulumu mtu. Ila linamtaka mfasiri aamue kila mara analitaka la mtoni au la pishini, na mimi sikuamua. Nililiona limevaa giza ukurasa wa 4 nikalivisha giza ukurasa wa 19.

Nilirudi kwenye muswada baada ya siku tatu. "Giza totoro" nikaliacha lilipo. Kwenye kiapo niliandika: "Wakaapa kwa maji ya Styx, mto wa kuzimu ambao miungu wenyewe wakiapa kwao na kusema uongo hulala mwaka mzima bila pumzi na kutengwa miaka tisa, ndiyo maana hakuna kiapo kinachouzidi." Nilijivunia sentensi ile. Mama mhariri akaikata. Akabakiza "Wakaapa kwa maji ya Styx, kiapo cha miungu", na pambizoni akaandika kwamba wale ndugu wana haraka, hawana nafasi ya kumsikiliza mwalimu. Nilikasirika usiku mmoja. Asubuhi nikaisoma kwa sauti, nikaona kaka mkubwa anaapa tena, safari hii kwa kinywa chake mwenyewe.

Hadithi ilipotoka nilimpelekea baba nakala. Hasomi fasihi sana, husoma gazeti na Msahafu, lakini aliisoma yote, akanipigia simu kuniuliza huyo Styx ni nani. Nikamweleza, habari za Iris na birika, miaka tisa, Jua na mwanawe. Alinyamaza muda mrefu upande wa pili. Nikamwuliza kama siku ile, kandili ilipozimika, aliwahi kuifikiria kafara aliyoitaja shehe.

"Katikati ya mto?" akasema. "Ningeilipa na nani?"

Nikamwuliza yule mvushaji alikuwa nani, maana sikuwahi kumwona tena. Baba akasema alikuwa mtu wa huko huko Bweni, amekufa zamani. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala fofofo juu ya majamvi ya nyumba ya babu wakati wao wanachimba kaburi. Kulipopambazuka, baada ya maziko, walishuka mtoni bila kujua watarudije mjini. Mtumbwi ulikuwa pale pale, umefungwa kwenye mkoko, na mzee yule amekaa ndani yake, akikumba maji ya mvua kwa kifuu, anatungoja.